Mtoto Akiamka na Macho Yaliyovimba

Namna virusi vinavyoweza kudhuru figo za watoto, na yanayowapasa wazazi

Mtaa wa Elgon View, katika Eldoret, ulipata jina lake kwa Mlima Elgon, ule mrefu wa meta 4,321 ulio mpakani mwa Kenya na Uganda. Mji wenyewe, ambao wazee wengi bado huuita Sisibo, ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Hebu msomaji aifikirie nyumba moja katika mtaa huo. Nyumba hiyo haitatajwa kwa jina, kwa maana si ya mtu fulani. Ni mfano tu. Lakini ni mfano wa mambo ambayo madaktari wa watoto huyaona mara kwa mara, katika nyumba za wenye mali na za wasio na mali vilevile.

Mwenye nyumba ni karani. Ana mke, na mtoto mwanamume wa miaka minne. Mwezi wa Julai, wakati wa mvua na baridi katika nchi ya Uasin Gishu, mtoto alishikwa na mafua. Akapiga chafya, akakohoa siku tatu, kisha akapata nafuu akarudi kucheza. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa mafua ni mgeni wa kila nyumba.

Baada ya juma moja hivi mama alimwamsha mtoto asubuhi akaona kope zake zimevimba, macho yamekuwa membamba kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Ilipofika jioni uvimbe ulikuwa umepungua. Kesho yake ukarudi. Siku ya nne viatu vya mtoto vilikataa kuingia miguuni, na tumbo lake likajaa.

Mama yake karani alikuwa amekuja kutoka shambani kuwatazama wajukuu. Alimpakata mtoto akafurahi. "Mwanangu," akamwambia karani, "mtoto huyu amenenepa. Maziwa ya nyumbani yamemfaa." Jirani mmoja alisema ni vumbi lililoingia machoni, akashauri dawa ya matone. Mwingine alinong'ona habari ya jicho la hasidi. Siku zikapita hivyo, kila mtu na shauri lake, mpaka mama wa mtoto alipoona kwamba mkojo katika chungu cha mtoto umekuwa na povu jingi, kama maji yaliyofuliwa nguo, nalo povu halikuondoka.

"Baba watoto," akamwambia mumewe usiku ule, "mimi sioni unene hapa. Unene haupungui jioni ukarudi asubuhi."

Karani alinyamaza kidogo. Kisha akajibu, "Kesho nitaomba ruhusa ofisini. Tutampeleka hospitali."

Maneno hayo machache ya mama yalikuwa na elimu ndani yake. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini alisema kweli.

FIGO NA KAZI YAKE

Kila mtu aliyezaliwa mzima ana figo mbili, zilizokaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Figo ya mtu mzima ni kubwa kadiri ya ngumi yake. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, navyo hukaribia milioni moja. Mtoto huzaliwa na vichujio vyake vyote. Vikifa, vingine havioti mahali pake. Hii ndiyo sababu figo ya mtoto ni amana ya kutunzwa: aliyopewa akiwa mchanga ndiyo atakayoitumia mpaka uzee.

Mkulima anayepeleka maziwa kiwandani anaijua kazi ya kitambaa cha kuchujia. Maziwa hupita, takataka hubaki. Figo nayo huchuja, ila yenyewe huacha maji na uchafu wa damu vipite, na huvizuia vitu vyenye thamani visitoke. Katika mtu mzima, vichujio hivyo hupitisha lita 180 za maji kwa siku moja, yaani kadiri ya madebe 9 ya lita 20. Karibu maji hayo yote hurudishwa katika damu, na kiasi cha lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo.

Miongoni mwa vitu vyenye thamani ambavyo kitambaa hiki huvizuia ni protini za damu. Protini hizo zina kazi kubwa: huyashika maji yakae ndani ya mishipa. Kitambaa kikitoboka, protini hutoka pamoja na mkojo, nazo ndizo zinazoufanya mkojo utoe povu. Damu ikipungukiwa na protini, maji huihama mishipa na kuingia katika nyama ya mwili. Usiku mtoto akilala, maji hukusanyika usoni, hasa kwenye kope ambazo nyama yake ni laini. Mchana akisimama na kukimbia, maji huteremka miguuni. Basi ndiyo maana uvimbe wa macho ulikuwa mkubwa asubuhi na mdogo jioni. Mama hakujua habari ya protini, lakini alitumia macho yake vizuri.

Tangu zamani madaktari walikuwa na njia nyepesi ya kuuchunguza mkojo wa namna hii. Richard Bright, daktari wa Hospitali ya Guy's mjini London, aliandika mwaka 1827 juu ya wagonjwa waliovimba mwili, ambao mkojo wao ulipopashwa moto uliganda ukawa mweupe, kama ute wa yai uwekwao motoni. Alipoipasua miili ya waliokufa, alikuta figo zao zimeharibika. Siku hizi muuguzi hutumbukiza kijiti chenye dawa katika mkojo, na katika dakika chache rangi ya kijiti humwonyesha kama mna protini. Ni kazi ndogo, nayo yaweza kufanywa hata katika zahanati ya mashambani.

VIRUSI NI NINI, NAVYO HUFIKAJE FIGONI

Virusi ni vijidudu vidogo kupita bakteria. Haviwezi kuzaana vyenyewe. Sharti viingie katika chembe hai za mwili na kuzitumikisha. Mafua, surua, tetekuwanga, homa ya ini ya namna ya B na Ukimwi, yote huletwa na virusi. Watu wengi wanajua kwamba virusi huumiza mapafu, ngozi au tumbo. Walio wachache wanajua kwamba virusi vyaweza pia kuwa chanzo cha ugonjwa wa figo. Njia zake ni nne, nazo hazifanani.

Njia ya kwanza ni ile iliyoonekana katika nyumba ya karani. Virusi vya mafua ya kawaida haviingii figoni. Huamsha tu majeshi ya kinga ya mwili, nayo majeshi hayo, katika watoto wengine, hukosa shabaha na kukidhuru kichujio cha figo. Ugonjwa unaotokea huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka miwili hadi sita, na wavulana kuliko wasichana. Mwaka 2024 wataalamu waliokuwa wakifanya utafiti Ujerumani na nchi nyingine walitangaza kwamba wengi wa watoto wenye ugonjwa huo walikutwa na kingamwili zinazoshambulia nefrini, protini iliyo kama lango la kichujio. Hivyo jambo lililokuwa likidhaniwa kwa miaka mingi lilipata ushahidi. Mafua si mwizi mwenyewe. Ni kelele iliyomfanya mlinzi ampige mwenye nyumba.

Njia ya pili ni ya homa ya ini ya namna ya B. Virusi hivi vyaweza kukaa katika damu miaka mingi bila mtu kujisikia mgonjwa. Mwili hutengeneza kingamwili, kingamwili hushikamana na vipande vya virusi, na mashikamano hayo huchukuliwa na damu mpaka kwenye vichujio vya figo, yakanasa pale kama makapi kwenye kitambaa. Kichujio huwa kinene na kibovu, na protini huanza kuvuja. Mtoto huvimba kama yule wa karani, ila dawa inayomponya mmoja huenda isimfae mwingine. Kwa sababu hii daktari mwangalifu hupima damu ya mtoto aliyevimba kabla ya kuendelea.

Njia ya tatu ni ya virusi vya Ukimwi. Hivi huingia katika chembe za figo zenyewe na kuziharibu. Mwaka 1984 madaktari wa New York na Miami, huko Marekani, waliandika juu ya wagonjwa wa Ukimwi ambao figo zao zilikufa upesi. Baadaye ikaonekana kwamba watoto waliozaliwa na virusi hivyo nao hupatwa. Mwaka 2010 wataalamu walitambua mabadiliko katika jini moja liitwalo APOL1, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, zaidi Afrika Magharibi kuliko Mashariki. Mabadiliko hayo humsaidia mtu kupambana na vimelea vya malale, lakini anayeyarithi kutoka kwa baba na mama pamoja huwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo, hasa akiwa na virusi vya Ukimwi.

Njia ya nne ndiyo ya haraka kuliko zote. Virusi vinavyoitwa rota huwaharisha na kuwatapisha watoto wachanga. Maji ya mwili yakiisha, damu inayofika figoni hupungua, na figo zaweza kusimama katika siku chache. Hapo mtoto havimbi, bali hukauka. Midomo huwa mikavu, macho huingia ndani, na nepi hubaki kavu saa nyingi. Figo hizo zikipewa maji mapema, mara nyingi huamka tena. Zikicheleweshwa, zaweza kufa kabisa.

Yafaa ieleweke pia kwamba si kila ugonjwa wa figo wa mtoto unatoka kwa virusi. Bakteria za koo na za upele wa ngozi zaweza kuleta ugonjwa wa figo majuma machache baadaye, na hapo mkojo huwa wa rangi ya chai nzito au soda nyeusi, na shindikizo la damu hupanda. Malaria nayo yaweza kuziumiza figo. Kwa hiyo mzazi asijitie udaktari kwa kusoma gazeti. Kazi yake ni kuona dalili na kumpeleka mtoto. Kutambua chanzo ni kazi ya hospitali.

YALIYOTOKEA HOSPITALI

Wakazi wa Eldoret wana bahati ambayo baba zao hawakuwa nayo. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ilianza mwaka 1917, ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Leo ni hospitali kuu ya magharibi ya Kenya, na ndani ya kiwanja chake imo hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa juhudi za mkimbiaji Toby Tanser. Hata hivyo, haimpasi mzazi kukimbilia hospitali kuu kwanza. Kituo cha afya kilicho karibu chaweza kupima mkojo, na kikiona haja kitaandika barua ya rufaa.

Karani na mkewe walimpeleka mtoto. Mkojo ulipimwa, ukaonyesha protini nyingi. Damu ikapimwa kutafuta homa ya ini, Ukimwi na malaria, vyote havikuonekana. Daktari alimketisha karani akamwambia hivi:

"Baba, mtoto wako atatumia dawa iitwayo prednisoloni. Watoto wengi wa umri huu huponywa nayo, na protini hukoma kutoka katika majuma manne. Lakini nisikilize sana: uvimbe ukiisha, dawa haijaisha. Usiikate kwa shauri lako."

"Nimesikia, Daktari," akajibu karani.

Dawa hiyo ina historia yake. Kabla ya dawa za jamii hiyo kuanza kutumika katika miaka ya 1950, watoto wengi waliovimba hivi walikufa, zaidi kwa maambukizo ya tumbo na ya mapafu, kwa kuwa protini za kinga nazo huvuja pamoja na mkojo. Madaktari wa nyakati zile waliona jambo la ajabu: mtoto aliyevimba akishikwa na surua, mara nyingine uvimbe wake ulitoweka. Surua iliyatuliza majeshi ya kinga kwa muda, na kichujio kikapata nafuu. Jambo hilo liliwapa madaktari fununu kwamba kiini cha ugonjwa kimo katika kinga ya mwili. Lakini mtu asije akafikiri kwamba surua ni dawa. Surua huua watoto na kupofusha wengine, na chanjo yake ni ya lazima kwa usalama wa kila nyumba.

KOSA LA KARANI

Baada ya majuma mawili mtoto alikuwa amepungua. Viatu viliingia. Uso wake, hata hivyo, ulikuwa umekuwa wa mviringo, na alikula ugali kama mtu mzima aliyetoka kulima. Hiyo ni kazi ya dawa, nayo hupita. Lakini bibi alipouona uso ule aliogopa. "Mwanangu," alisema, "dawa hizi zinamharibu mtoto. Amekwisha kupona. Za nini tena?"

Karani alikuwa mtu mwenye kuwaheshimu wazazi. Tena dawa zilikuwa zimepungua, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Akaacha kumpa mtoto dawa, asimwambie mkewe mpaka siku tatu zimepita.

Hapo ndipo panapostahili kusimama na kuangalia. Mwili wa mtoto aliyetumia prednisoloni kwa muda huacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, kwa kuwa unaipata katika kidonge. Kidonge kikikatwa ghafula, mtoto aweza kulegea, kutapika na hata kuzimia. Ndiyo sababu daktari huipunguza dawa hatua kwa hatua. Pamoja na hayo, kichujio ambacho hakijatulia vizuri huanza kuvuja upya.

Mtoto wa karani hakuzimia. Lakini alilegea, na usiku mmoja alilia kwa maumivu ya tumbo, mwili ukiwa wa moto, na asubuhi macho yalikuwa yamevimba tena. Mama hakungoja shauri la mtu. Alimfunga mgongoni akatoka naye kabla ya jua kuchomoza. Hospitali walikuta bakteria zimeingia katika maji yaliyokusanyika tumboni. Siku mbili za kwanza daktari hakutaka kusema neno lolote la matumaini wala la kukatisha tamaa. Siku ya tatu homa ilishuka, na mtoto akaomba uji.

Karani alikaa kando ya kitanda, hakupata la kusema. Mama yake naye alikuja. Hakuna aliyemlaumu mzee yule, kwa kuwa alisema kwa mapenzi. Lakini mapenzi yasiyo na maarifa yaweza kumdhuru umpendaye. Muuguzi alimweleza bibi kwa upole sababu ya uso wa mviringo, na tangu siku ile bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kila asubuhi, "Mtoto amekwisha kupewa dawa yake?"

MAMBO YANAYOZUIKA

Katika njia nne zilizotajwa, tatu zaweza kuzibwa kwa sehemu kubwa kabla ya ugonjwa kuingia.

Homa ya ini ya namna ya B inayo chanjo. Virusi vyake vilianza kujulikana katika miaka ya 1960 kwa kazi ya Baruch Blumberg wa Marekani, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mtoto anayeambukizwa akizaliwa hubaki na virusi hivyo maisha yake mara tisa katika kumi, lakini mtu mzima mwenye afya mara nyingi huvishinda. Kwa hiyo ni watoto wachanga wanaostahili kulindwa kwanza. Kenya iliiingiza chanjo hiyo katika chanjo za watoto mwaka 2001, ikiwa moja katika zile tano za sindano moja, na mtoto huchomwa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Shirika la Afya Duniani linashauri pia sindano moja ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Faida yake kwa figo imekwisha kuonekana. Afrika Kusini ilianza kuwachanja watoto wote mwaka 1995, na mwaka 2003 madaktari wa Durban waliandika kwamba ugonjwa wa figo unaotokana na homa hiyo ulikuwa umepungua miongoni mwa watoto. Sindano iliyotengenezwa kulinda ini ikazilinda na figo.

Virusi vya Ukimwi navyo vyaweza kuzuiliwa visimfikie mtoto, mama akipimwa wakati wa mimba na kupewa dawa. Aliyekwisha kuambukizwa, akitumia dawa kila siku bila kuruka, figo zake huwa na ulinzi mkubwa. Eldoret imepata sifa katika kazi hiyo kwa mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Moi na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Aibu ndiyo inayobaki kuwa adui. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kuhusu kuharisha, Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota mwezi wa Julai 2014. Pamoja na chanjo, maji safi, choo safi na mikono iliyonawiwa kwa sabuni ni ngome. Mtoto akianza kuharisha, apewe maji ya chumvi na sukari yanayopatikana katika pakiti. Pakiti ikikosekana, mama achukue lita moja ya maji safi, atie vijiko 6 vya chai vya sukari, visivyojaa kwa kichuguu, na nusu kijiko cha chumvi, akoroge mpaka viyeyuke, kisha ampe mtoto kidogo kidogo. Chumvi isizidi kipimo, maana ikizidi ina hatari. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Asiyekojoa kwa muda wa saa 6 au zaidi, au aliyelegea, apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Yapo na mambo ya kuepukwa. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zaweza kuziumiza figo za mtoto aliyepungukiwa na maji. Asipewe bila shauri la daktari. Mizizi na majani yasiyojulikana kipimo chake nayo yamewahi kuua figo zilizokuwa nzima. Si kusema kwamba dawa zote za wazee ni mbaya; ni kusema kwamba figo ya mtoto si mahali pa kufanyia majaribio.

Ama kwa mafua, hakuna awezaye kuyafunga mlango. Mtoto mwenye ugonjwa wa namna ya mtoto wa karani aweza kuvimba tena mara kadhaa katika utoto wake, na mara nyingi uvimbe hutanguliwa na mafua au homa ndogo. Zamani madaktari wengi waliongeza kidonge cha prednisoloni kila mtoto aliposhikwa na mafua. Jaribio kubwa lililofanywa Uingereza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, halikuona faida katika desturi hiyo. Kwa hiyo mzazi asiongeze wala asipunguze. Mtoto anayetumia dawa hiyo kwa wingi aepushwe na wagonjwa wa tetekuwanga na surua. Na kabla ya kupewa chanjo yoyote yenye virusi hai, daktari aulizwe kwanza. Wakati wa uvimbe chakula kiwe na chumvi kidogo. Wengi wa watoto hawa, wakitunzwa, huuacha ugonjwa wanapokua, na figo zao hubaki nzima.

DAFTARI LA KARANI

Mtoto aliporuhusiwa kutoka hospitali, muuguzi alimpa baba yake vijiti vya kupimia mkojo, akamfundisha namna ya kuvisoma. Alimwambia apime kila asubuhi na kuandika. Protini ikionekana siku tatu mfululizo, amlete mtoto hata kama hajavimba. Kwa njia hiyo ugonjwa hukamatwa ungali mlangoni.

Karani huyo ameandika madaftari mengi katika kazi yake: ya barua zinazoingia, ya barua zinazotoka, ya mishahara na ya mali ya ofisi. Sasa analo jingine, nyumbani, juu ya kabati la jikoni. Limepigwa mistari kwa rula. Upande wa kushoto tarehe, katikati dawa iliyotolewa na saa yake, upande wa kulia hali ya mkojo. Akiwa safarini, mkewe huandika. Siku moja bibi alipokuwa peke yake na mtoto, yeye asiyejua kusoma, alichora alama ndogo kwa kalamu mahali pa dawa, ili ijulikane kwamba imetolewa.

Mistari mingi sasa inasema neno moja tu: hakuna. Siku mtoto alipopata mafua tena, mama hakulala vizuri. Alfajiri alikitumbukiza kijiti, akahesabu sekunde, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Rangi haikubadilika. Akakitazama mara ya pili. Kisha akalishusha daftari, akaandika tarehe, na mbele yake akaandika: hakuna.